Kuhamisha vitufe vya laptopu kwenda Colemak: mwongozo kamili kwa anayeandika Kiswahili

Weka vidole kumi kwenye kibodi kama wanavyofundishwa makarani, kisha andika neno "huyu". H, U, Y, U. Herufi zote nne ni za kidole kimoja, cha shahada cha mkono wa kulia; vingine tisa vimekaa vinatazama. Andika na "nyumba" uone: kidole kilekile kinashukia N, kinarukia Y, kinasogea U, kinashuka tena M, ndipo mkono wa kushoto unapokuja kusaidia kwa B na A.

Mpangilio huu wa QWERTY tumeurithi kutoka mashine ya taipu ya Christopher Latham Sholes, ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza Marekani mwaka 1874. Kiswahili hakikuwemo kwenye hesabu. Mstari wa kati, pale vidole vinapopumzikia, una irabu moja tu, A. E, U, I na O ziko ghorofani. Kwa lugha ambayo karibu kila silabi inaishia na irabu, hiyo ni kazi ya kupanda na kushuka ngazi kutwa nzima.

Mimi ni mfasiri, nachapa kuanzia asubuhi hadi macho yakatae. Nilihama QWERTY kwenda Colemak, mpangilio mwingine wa herufi, baada ya kile kidole kimoja kuanza kunidai, na katika kuhama nikaharibu kibodi moja kwa pupa. Kosa langu lilikuwa la mpangilio wa kazi: nilianza kung'oa vitufe kabla sijajua kuchapa. Fuata njia ya kinyume. Badilisha programu kwanza, zoesha vidole, na vitufe vyenyewe uviguse mwisho kabisa. Ukifika hapo mwisho huenda ukagundua huna haja ya kuvigusa, na hilo nalo si hasara.

Uchague mpangilio gani

Inayotajwa sana ni miwili. Dvorak ulisajiliwa kwa hataza mwaka 1936 na August Dvorak, profesa wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, pamoja na shemeji yake William Dealey. Colemak ulitolewa na Shai Coleman mwaka 2006.

Kwa mtazamo wa kwanza Dvorak unaonekana umeumbwa kwa ajili yetu. Irabu zote tano ziko mstari wa kati, mkono wa kushoto, na konsonanti nyingi ziko kulia. Konsonanti, irabu, konsonanti, irabu: mikono ingepokezana kama wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Niliamini hivyo kwa wiki nzima. Kisha nikaanza kuandika vitenzi. Katika Dvorak, K iko mkono wa kushoto mstari wa chini, na inachapwa na kidole cha shahada. U inachapwa na kidole hichohicho. I pia. Kwa hiyo kila "ku" na kila "ki" ni kidole kimoja kinachojikokota kutoka chini kwenda kati: kusoma, kula, kitabu, kikombe, kukumbuka. P na Y nazo ziko kwenye kidole hicho, basi "pi", "pu" na "yu" zinaingia foleni ileile. Kwa Mwingereza kasoro hiyo ni ndogo, maana "ku" hukutana nayo kwa nadra. Kwetu sisi ndiyo mlango wa kila kitenzi.

Colemak hauna tatizo hilo: K ni ya shahada, U ni ya kidole cha kati, I ni ya kidole cha pete. Una lake lakini. M, N, L, K, J na H zote zimerundikwa kwenye shahada ya kulia, kwa hiyo "mlango", "mkono", "mji" na "njia" zinaanza kwa kujikwaa. Nimeyapima haya mawili kwa kazi yangu na nimeona "ku" na "ki" zinanipitia mara nyingi zaidi kuliko "ml" na "mk". Wewe unaweza kupima vingine.

A, ambayo Kiswahili kinaila kuliko herufi nyingine yoyote, haihami popote. QWERTY, Dvorak, Colemak, kote iko chini ya kidole cha mwisho cha kushoto, kile kinyonge kabisa. Hapo hakuna mpangilio uliotuonea huruma.

Kilichonifanya niandike mwongozo huu kwa Colemak ni sababu ya kimafundi. Colemak unahamisha vitufe 17 tu. Z, X, C na V zinabaki mahali pake, kwa hiyo kukata, kunakili, kubandika na kutengua havikusumbui. Hata alama ya ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo inabaki ilipo. Dvorak unahamisha herufi zote isipokuwa A na M, na alama za uandishi juu yake. Kwa mtu mwenye laptopu moja na kipande cha plastiki mkononi, tofauti hiyo ni kubwa.

Hivi ndivyo Colemak unavyosomeka, mstari kwa mstari:

Q W F P G J L U Y ;
A R S T D H N E I O
Z X C V B K M

Nakili mistari hiyo kwenye karatasi, ibandike chini ya kioo cha laptopu. Hiyo ndiyo ramani yako kwa wiki kadhaa zijazo.

Kubadilisha upande wa programu

Kuhamisha plastiki hakubadilishi kitu ndani ya kompyuta. Kitufe kilichoandikwa F kikiwekwa mahali pa E kitaendelea kutoa E mpaka mfumo uambiwe vinginevyo.

Kwenye Windows fungua "Settings", nenda "Time & language", kisha "Language & region". Bonyeza vitone vitatu pembeni ya lugha yako, chagua "Language options", halafu "Add a keyboard". Ikiwa Colemak haimo kwenye orodha, pakua kisakinishi chake kutoka colemak.com, kisakinishe, uwashe kompyuta upya. Ukishakuwa na mipangilio miwili, kitufe cha Windows pamoja na nafasi kinakugeuza kutoka mmoja kwenda mwingine.

Kwenye Mac ni "System Settings", "Keyboard", kisha "Input Sources" na "Edit". Bonyeza alama ya kujumlisha, utaikuta Colemak chini ya English. Kwenye Linux yenye GNOME njia ni hiyohiyo ya "Keyboard" na "Input Sources", na jina lake ni English (Colemak). Anayetumia X11, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, anaweza kujaribu kwa muda tu, bila kusakinisha chochote, kwa amri hii:

setxkbmap us -variant colemak

Na kurudi:

setxkbmap us

Colemak ya asili inaigeuza pia Caps Lock kuwa kitufe cha kufutia. Mifumo mingine inalifanya hilo yenyewe, mingine inakuachia. Likitokea, lipokee, ni zawadi.

Sasa neno la siri, na hapa tafadhali usipite mbio. Nilibadilisha neno langu la siri nikiwa tayari kwenye Colemak, nikafurahi, nikazima. Kesho yake, mbele ya mteja, skrini ya kuingilia ilikuwa bado inasoma QWERTY. Vidole vyangu viliandika sahihi, kompyuta ikapokea kitu kingine, ikanikatalia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilijiokoa kwa kuchora ramani nyuma ya risiti ya mafuta na kutafuta herufi moja moja huku jasho linanitoka.

Kwenye Windows dawa yake iko palepale "Language & region": tafuta "Administrative language settings", bonyeza "Copy settings", weka tiki kwenye "Welcome screen and system accounts". Lakini kuna milango ambayo iko nje ya mfumo kabisa, kama BIOS, ile programu inayoamka kabla ya mfumo wenyewe, na mara nyingi skrini ya kufungulia diski iliyofungwa kwa usimbaji. Huko QWERTY bado ndiye mwenye nyumba. Kwa milango hiyo tunga neno la siri kwa herufi zisizohama, ambazo ni Q, W, A, H, Z, X, C, V, B na M, pamoja na tarakimu. Kwa kuwa herufi ni chache, lifanye refu. Utaliandika vilevile iwe kibodi imelala QWERTY au imeamka Colemak.

Vidole kwanza

Mpangilio ukishawaka, acha vitufe vya QWERTY vilivyo. Najua inakera kubonyeza J ukapata N. Hiyo kero ndiyo mwalimu: macho yakijua kwamba vitufe vinadanganya, yanaacha kuviangalia, yanahamia kwenye karatasi uliyobandika. Baada ya siku chache hata karatasi huiangalii.

Mstari wa kati wa Colemak una A, R, S, T, D, H, N, E, I na O. Irabu nne kati ya tano. Maneno mazima ya Kiswahili yanaandikika bila kidole kunyanyuka: asante sana, dada, sisi, tena, shida, shati, rahisi, nadhani, hadithi, historia, ardhi, ahadi, ishirini, thenashara. Nilianza na hayo dakika ishirini kila asubuhi kabla ya kufungua barua pepe, taratibu, bila kushindana na saa. Ukikosea usifute, rudia neno zima. Kidole kinachofundishwa kufuta hujifunza kufuta.

Yakishatulia, ongeza L, U na Y: hili, lulu, huyu, yule, nusu, sululu. Kisha K na M kwa pamoja, kwa sababu hapo ndipo penye vikwazo vya shahada ya kulia: mkutano, mlinzi, mnunuzi, njoo, mjomba. Hizi zichape polepole sana. P, G, F na J zitajileta zenyewe.

Wiki ya kwanza ni ya aibu. Ujumbe wa mistari mitatu ulinichukua muda wa birika kuchemka. Usianze mwezi ambao una kazi ya tarehe ya mwisho, na usichanganye: kurudi QWERTY kila unapochoka kunavirudisha vidole darasa la kwanza. Anayeogopa kuruka mara moja anaweza kufuata Tarmak, njia inayohamisha herufi chache kwa kila awamu, ikianza na E na N, mpaka unajikuta uko Colemak. Ni njia nzuri kwa mtu wa ofisini asiyeweza kumudu wiki ya ububu. Ila usihamishe plastiki kwa kila awamu, utazichosha ndoano bure.

Simu haihusiki. Vidole gumba vina kumbukumbu yake, na vyangu vinaendelea na QWERTY ya simu bila kugombana na mikono.

Ichunguze laptopu yako kabla ya kuigusa

Vidole vikishazoea, jiulize tena kama unahitaji kuhamisha vitufe. Mimi nilihitaji kwa sababu mara nyingi nachapa kwa mkono mmoja, simu ikiwa sikioni, na hapo macho yanarudi kwenye kibodi. Nyumba yenye watu wanne wanaopokezana laptopu moja, ni bora kuacha.

Kama unaendelea, zitazame herufi kwa upande, macho yakiwa usawa wa meza. Kwenye laptopu nyingi vitufe vya herufi vina ukubwa na kimo kimoja, ndiyo maana vinahamishika. Ukiona mistari imeinama kwa pembe tofauti, kama ngazi, acha. Kitufe cha mstari wa juu kikishushwa kitakaa kama jino lililoota vibaya.

MacBook zenye kibodi ya kipepeo, zilizotengenezwa kati ya 2015 na 2019, usizing'oe kabisa. Vifaa vya ndani ni vyembamba mno. Tumia stika.

ThinkPad yenye kile kinundu chekundu katikati ina vitufe vya G, H na B vilivyokatwa pembe kukipisha. Katika Colemak H na B hazihami, ila G inahama, na G iliyokatwa pembe haitakaa vizuri kwingine. Suluhisho lake liko mbele kidogo.

Halafu kuna laptopu za mtumba kutoka Ulaya, ambazo madukani kwetu zimejaa. Ya Ujerumani ina Y na Z zilizobadilishana nafasi, na pale penye nuktamkato pameandikwa Ö. Badilisha Y na Z kwanza, na hiyo Ö ichukulie kama nuktamkato. Ya Ufaransa, ambayo wasomaji wa Kongo na Burundi wanaijua vizuri, inahitaji kugeuzwa kwanza kuwa QWERTY: A na Q zibadilishane, Z na W zibadilishane, kisha M ishuke pembeni ya N, mkato uliokuwa hapo usogee kulia, na nuktamkato iliyokuwa hapo ipande kukaa pale M ilipotoka. Hata kama hutaki Colemak, kazi hiyo ndogo ni mazoezi mazuri ya mkono.

Kung'oa kitufe

Kitufe cha laptopu kina sehemu tatu. Juu kuna kofia, ile plastiki yenye herufi. Chini yake kuna mkasi, fremu mbili nyembamba zilizopishana ambazo zinaifanya kofia ishuke sawasawa. Katikati kuna kiputo cha mpira kinachosukuma kurudi juu. Unachohamisha ni kofia tu. Mkasi na mpira vibaki vimelala mahali pake.

Zima laptopu kabisa, chomoa chaja. Zima na feni. Mkasi ukichomoka ni mwepesi kama ganda la karanga, na ukiangukia kwenye zulia ndiyo umekwenda. Tandika kitambaa cheupe. Piga picha ya kibodi nzima. Kuwa na kile kipande cha plastiki cha pembetatu ambacho mafundi simu hufungulia simu, kijiti cha meno, mswaki laini uliostaafu, pamba na spiriti kidogo. Bisibisi irudishe kwenye droo. Chuma huchana.

Anza na X. Kiswahili hakiitumii, kwa hiyo ikiharibika utaomboleza kidogo. Ingiza plastiki kwenye kona moja, nyanyua kidogo sana, chungulia kwa tochi ya simu. Chini ya kofia, upande mmoja una vishikizo viwili vinavyobana kwa nguvu na kuachia kwa mlio, upande wa pili una ndoano mbili zinazoteleza. Zipo laptopu zenye vishikizo juu na zenye vishikizo chini, ndiyo maana unachungulia. Nyanyua upande wa vishikizo: kona ya kwanza, tak, kona ya pili, tak. Sasa kofia imelegea upande mmoja. Isogeze kuelekea upande ambao ndoano zinatoka, itoke yenyewe. Ukilazimisha kuivuta juu moja kwa moja, ndoano inakatika.

Hivyo ndivyo nilivyoivunja N yangu. Fundi mmoja wa Kariakoo alipoitazama alicheka. "Kaka, unavuta kama unang'oa jino. Hii inafunguliwa kama kifuniko cha kopo la maziwa, upande kwa upande." Kisha akanionyesha kwa ukucha wa kidole gumba, kofia tano ndani ya muda ambao mimi ningekuwa bado natafuta tochi.

Mkasi ukitoka na kofia, usiogope. Uondoe kwenye kofia kwa kijiti cha meno, angalia kwenye picha ya jirani yake umelalaje, ingiza upande mmoja kwenye vijisikio vya chuma, kisha ubonyeze upande wa pili uingie. Kurudisha kofia ni rahisi zaidi kuliko kuitoa: ilaze juu ya mkasi ikiwa imenyooka, telezesha ndoano, bonyeza upande wa vishikizo kwa kidole mpaka usikie milio miwili. Jaribu kona zote nne. Kona isiyorudi juu haijashika.

Nafasi, Enter, Shift na kitufe cha kufutia vina waya wa chuma chini yake. Havimo kwenye orodha yetu, viache.

Mnyororo

Watu wengi hung'oa kofia zote 17 kwa mpigo, wakabaki na kibodi kibogoyo na rundo la plastiki. Hakuna haja. Mabadiliko ya Colemak ni minyororo miwili iliyofungana, kwa hiyo unaweza kwenda na shimo moja tu kwa wakati.

Anza na mfupi. Ng'oa U, iweke pembeni. Ng'oa L, iweke mahali pa U. Ng'oa I, iweke mahali pa L. Chukua U uliyoiweka pembeni, iweke mahali pa I. Umemaliza vitatu.

Sasa mrefu, wa kumi na vinne. Ng'oa E, iweke pembeni. Kisha, kila mara ukijaza shimo lililopo na kuacha jipya:

F iende mahali pa E.
T iende mahali pa F.
G iende mahali pa T.
D iende mahali pa G.
S iende mahali pa D.
R iende mahali pa S.
P iende mahali pa R.
Nuktamkato iende mahali pa P.
O iende mahali pa nuktamkato.
Y iende mahali pa O.
J iende mahali pa Y.
N iende mahali pa J.
K iende mahali pa N.
Na E iliyokuwa inasubiri ikae mahali pa K.

Kila shimo linapofunguka, lipige mswaki na ulipitishie pamba yenye spiriti iliyokamuliwa. Utashangaa kilichokuwa kinaishi humo. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi. Mpira uliolegea unaweza kwenda nao.

Washa, fungua ukurasa mtupu, hakikisha uko Colemak, kisha bonyeza kila kitufe kwa mpangilio ukisoma kofia. Skrini ikuonyeshe kilekile unachokisoma. Herufi inayotoka mara mbili au inayogoma kawaida ni mkasi uliokaa upande.

F na J zinazokataa

Pitisha shahada zako juu ya F na J za QWERTY utahisi vijinundu viwili. Ndivyo vinavyokuambia mikono iko mahali pake bila kuangalia. Ukishahamisha, F imepanda kwenye E na J imepanda kwenye Y, vijinundu vimekwenda nazo, na shahada zako zinalala juu ya T na N ambazo ni laini kama kioo. Siku ya kwanza nilichapa aya nzima mkono wa kulia ukiwa umesogea kitufe kimoja, nikadhani laptopu imeingia kirusi.

Nilitumia rangi ya kucha isiyo na rangi. Tone moja kwa ncha ya kijiti cha meno, ukingo wa chini wa T na N, likauke, jingine juu yake, likauke, la tatu. Gundi kali ya papo kwa papo usiiweke. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki. Vijinundu vya zamani unaweza kuvisawazisha kwa tupa ya kucha. Vyangu niliviacha na vidole vimevizoea.

Kwenye baadhi ya laptopu F na J zinakataa kwa sababu nyingine: mikasi yake imegeuzwa upande, kofia ya T haishiki hapo. Usibishane nayo. Iache F mahali pake uibandike stika ya T, na T iende mahali pa E ikiwa na stika ya F. Vilevile J ibaki na stika ya N, na N iende mahali pa Y na stika ya J. Mnyororo uliobaki unaendelea kama kawaida. G ya ThinkPad ni mtindo huohuo: ibaki na stika ya D, na D ipande mahali pa T na stika ya G.

Stika zenyewe, pale stationery wanaweza kukuchapia kwenye karatasi ya kunata kwa bei ya soda. Kibodi inayowaka taa itapoteza mwanga kwenye vitufe hivyo. Chagua karatasi inayopitisha mwanga.

Yatakayofuata

Ndoano ikivunjika, ichukue ile kofia yenyewe uende nayo kwa fundi mwenye kibodi zilizokufa. Usitaje modeli tu. Laptopu za modeli moja zinaweza kuwa na kibodi za watengenezaji tofauti, na vishikizo vyake havilingani. Geuza kofia juu chini, linganisha umbo la ndoano, ndipo ulipe.

Atakayeazima laptopu yako mfundishe kugeuza mpangilio kabla hajaanza kulalamika. Ukiwa umeacha QWERTY ndani ya mfumo, mwenye kuchapa bila kuangalia hatapata shida. Anayetafuta kwa macho mpe simu.

Na ukitaka kuiuza, rudisha. Mnyororo unakwenda kinyumenyume: ng'oa E iliyo mahali pa K uiweke pembeni, K irudi kwake kutoka mahali pa N, N irudi kwake kutoka mahali pa J, J kutoka mahali pa Y, na hivyohivyo mpaka F itakaposhuka na kuacha shimo la E wazi. Kisha zile tatu ndogo, U, I na L. Futa matone ya rangi ya kucha kwa ukucha, yanabanduka. Usitumie dawa ya kutolea rangi, yenye asetoni itaondoka na herufi.